Maamkizi ya kila siku katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, wazazi wanaolea watoto ughaibuni, na hata wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe wanapohamia mahali ambapo salamu walizozizoea hazipokelewi kama walivyotarajia. Kiswahili ndicho msingi wa majibu, na lugha nyingine zimeletwa pale zinapotoa mwanga.

Kwa nini mgonjwa naye hujibu “nzuri”?

Anayeulizwa “habari za asubuhi?” hajaombwa taarifa ya afya yake, ameitwa aitikie, na kuitikia ndiko kunakofungua mazungumzo. Ndiyo maana mtu aliyekesha na homa husema kwanza “nzuri”, kisha akaongeza “ila mwili haujakaa sawa”, na aliyemsalimia huipokea sehemu hiyo ya pili kuwa ndiyo habari yenyewe. Huo si unafiki. Ni utaratibu unaompa msemaji nafasi ya kuchagua iwapo ataifungua shida yake au ataifunika, na neno linalobeba uchaguzi huo ni hilo dogo “ila” au “lakini”. Anayejibu “mbaya” papo hapo huwashtua waliopo, kwa kuwa jibu hilo limeachiwa janga.

Yapo pia majibu ya katikati: “si haba”, “tunaendelea”, “namshukuru Mungu”, “alhamdulillahi”. Msikilizaji mzoefu hatazami neno peke yake, kwani “tunaendelea” inayotamkwa kwa kuvuta inamtaka aulize tena, na asipouliza amekosa adabu ingawa salamu yenyewe imekamilika.

“Hujambo” maana yake nini hasa, na je, kusema “jambo” ni kosa?

Umbo lililofichika ndani ya neno hilo ni “huna jambo?”, na jambo linalokusudiwa ni shida au tatizo. Kwa hiyo jibu nalo huja katika hali ya ukanushi, “sijambo”, na wengi huulizana “hamjambo?” wakajibu “hatujambo”. Asiyekuwapo naye huulizwa habari zake kwa njia hiyohiyo: “Mama hajambo?” “Hajambo.” Maana ya asili bado iko hai katika mazungumzo ya wagonjwa, kwa kuwa tunaposema “leo hajambo kidogo” tunamaanisha kwamba amepata nafuu.

“Jambo” tupu, bila kiambishi, imekuwa salamu ya kumlaki mtalii, na mwenyeji wa Dar es Salaam au Mombasa akiambiwa hivyo na Mswahili mwenzake hudhani anataniwa. Hata hivyo tusiharakishe kuiita kosa. Mashariki mwa Kongo, katika miji kama Goma na Bukavu, wenyeji husalimiana “jambo” wao kwa wao bila mtalii yeyote kuwapo, na Kiswahili chao hakihitaji kibali cha pwani.

“Shikamoo” ilitoka wapi? Je, ni salamu ya utumwa?

Neno limejengwa kwa kitenzi “shika” na “moo”, yaani mguu kwa matamshi ya kale ya pwani, na aliyelitamka alikuwa akisema kwamba anamshika miguu mwenzake. Jibu lake, “marahaba”, limetokana na neno la Kiarabu la kumkaribisha mtu. Jamii ya pwani ya karne ya 19 ilikuwa na mabwana na watumwa, na aliyekuwa chini ndiye aliyemshika miguu aliyekuwa juu. Kwa maana hiyo wanaoikumbuka salamu hii kwa uchungu hawasemi uongo.

Lakini maneno huhama. Katika Tanzania ya leo shikamoo haiangalii cheo wala mali, inaangalia umri. Mfagizi mwenye mvi huamkiwa na mkurugenzi kijana, na mkurugenzi akinyamaza ni yeye atakayesemwa. Nchi ileile iliyozoea kuitana “ndugu” baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wito uliokusudiwa kufuta tofauti za vyeo, haikuona haja ya kuitupa shikamoo, na kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba salamu hiyo ilikwisha kubadilishwa na watumiaji wake. Bwana ametoweka ndani yake, akabaki mzee.

Nani amwamkie nani, na tofauti ya umri iwe kiasi gani?

Mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa asipoamkiwa anaweza kusubiri kimya, au kumkumbusha mtoto kwa kuuliza “mbona hujaniamkia?”, swali ambalo kila aliyelelewa Tanzania amewahi kulisikia. Hakuna idadi ya miaka iliyowekwa, ila wengi hupima hivi: mtu anayeweza kuwa mzazi wako, shangazi yako, mjomba wako au kaka yako mkubwa anastahili shikamoo, na anayelingana nawe inamtosha “habari”.

Utata huanza pale umri unapopingana na ukoo. Mjomba aliye mdogo kwa mpwa wake huamkiwa katika familia zinazofuata kizazi, na haamkiwi katika zile zinazofuata miaka ya kuzaliwa, hivyo mgeni anayeingia katika ukoo kwa ndoa afanye kama atakavyoona wenzake wakifanya. Mwalimu kijana huamkiwa na wanafunzi wake kwa sababu ya nafasi yake. Bibi na babu huamkiwa, kisha mlango wa utani unafunguliwa mara moja, kwa maana bibi yuleyule aliyeitikia “marahaba” atamwita mjukuu “mume wangu” sentensi inayofuata.

Kuna pia wanaokataa kuamkiwa. Dada wa miaka 30 aliyeamkiwa na kijana wa miaka 22 anaweza kucheka na kusema “usinizeeshe”, na hapo kijana hurudi kwenye “mambo” bila kinyongo. Akikosea kwa kuzidisha heshima atachekwa. Akikosea kwa kuipunguza atasemwa hadi nyumbani kwao, na ni heri kuchekwa.

Kwa nini shikamoo haisikiki sana Kenya?

Pwani ya Kenya, hasa katika nyumba za Waswahili wa Mombasa na Lamu, inasikika. Bara, watoto wengi wamekutana nayo katika vitabu vya shule, kwa kuwa nyumbani heshima kwa mzee ilikwisha kuwa na maneno yake katika lugha ya mama, na Kiswahili kilipokuja kilichukua nafasi ya sokoni na kazini ambako watu hukutana kama walio sawa. Mkenya anayemsalimia mzee wa Tanga “habari yako” hajamdharau, na mzee aliyesafiri analijua hilo. Hata hivyo, akivuka mpaka ajifunze neno hilo moja mapema, maana litamfungulia milango mingi kuliko sarufi yote.

Je, Kiswahili kina salamu za nyakati za siku?

Kinazo, ingawa “habari za asubuhi”, “habari za mchana” na “habari za jioni” zimezisukuma pembeni. Pwani bado utasikia “sabalkheri” asubuhi na “masalkheri” jioni, zote zikiwa na asili ya Kiarabu, na wanaoagana usiku husema “alamsiki”, ambayo huitikiwa “binuru”. “Umeamkaje?” na “umeshindaje?” ni za karibu zaidi na desturi ya lugha nyingi za Kibantu, ambazo hazimtakii mtu asubuhi njema bali humuuliza usingizi wake ulikuwaje.

Ugonile, salamu ya Wanyakyusa wa Mbeya, inatokana na kitenzi cha kulala. Wasukuma husema “mwangaluka” alfajiri inapowakuta wameamka. Waganda huulizana “wasuze otya?”, yaani ulilalaje, na ikifika mchana swali hugeuka kuwa “osiibye otya?”, umeshindaje. Wanyarwanda nao husema “mwaramutse” asubuhi na “mwiriwe” kuanzia mchana, na kwa aliyepotea siku nyingi wana “muraho”. Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu, kinaigawa siku vivyo hivyo kwa “oyawore”, “osaore” na “oimore”.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Washona wa Zimbabwe. Baada ya “mangwanani” huja swali “marara sei?”, umelalaje, na jibu ni “ndarara kana mararawo”: nimelala vizuri ikiwa nawe umelala vizuri. Jirani anakataa kutangaza usingizi wake mwema kabla ya kujua wa mwenzake.

Kwa nini katika lugha nyingine mzee mmoja huitwa kwa wingi?

Kwa sababu wingi ni heshima. Mnyarwanda humwambia rika lake “waramutse” na mkubwa wake “mwaramutse”, ingawa mkubwa yuko peke yake; Mganda hubadili “wasuze otya” kuwa “mwasuze mutya”; Mnyakyusa hugeuza “ugonile” kuwa “mugonile”; na hata mbali Nigeria, Myoruba anayemsalimia mzee asubuhi huanza na kiwakilishi cha wingi katika “ẹ káàárọ̀”. Kiswahili sanifu hakifuati njia hiyo. “Shikamooni” na “hamjambo” ni za watu wengi kwelikweli, na heshima ya mtu mmoja huonyeshwa kwa majina ya wito kama mzee, mama, bibi, mjomba, shangazi na mwalimu. Anayetoka katika lugha yenye wingi wa heshima akimwambia mzee mmoja “hamjambo” atamfanya mzee ageuke kutazama nani mwingine yuko nyuma yake.

“Pole na kazi” ni pongezi au huruma?

Hili ndilo swali linalowasumbua zaidi wageni, na Wakenya wengi pia, kwa kuwa kwao “pole” huambiwa aliyeumia au aliyefiwa. Tanzania huambiwa pia mwenye jembe shambani, karani mezani, mwanafunzi aliyerudi shule na msafiri aliyeshuka basini: pole na kazi, pole na masomo, pole na safari. Aliyeambiwa hivyo hujibu “asante” au “nimeshapoa”, na jibu hilo la pili ndilo linaloifumbua salamu yenyewe, kwa sababu “pole” ni ndugu wa “poa”, “mpole” na “polepole”. Anayesema “pole” anautakia mwili wa mwenzake upoe baada ya joto la shughuli. Hakuna kosa linaloombewa radhi wala balaa linalolilia huruma. Kuna jasho lililoonwa.

Kihausa, lugha isiyo na undugu wa nasaba na Kiswahili, kimefika karibu na mahali hapo kwa njia yake. “Sannu” ni salamu ya kawaida, “sannu da aiki” huambiwa mtu aliye kazini, “sannu da zuwa” huambiwa anayewasili, “sannu” hiyohiyo huambiwa aliyejikwaa au anayeumwa, na ukiirudia mara mbili, “sannu sannu”, umesema polepole. Mswahili aliyefika Kano, kaskazini mwa Nigeria, akiisikia kwa mara ya kwanza hahitaji mfasiri wa muda mrefu.

Waganda wana “gyebale”, shukrani kwa mtu anayefanya kazi hata kama kazi hiyo si yako na hukumtuma. Wayoruba wana “ẹ kú iṣẹ́”. Wabambara wa Mali wana “i ni baara”. Kupita kimya mbele ya mtu anayelima, katika sehemu kubwa ya bara hili, ni sawa na kujifanya hukumwona.

Je, lugha zote huuliza “habari”?

La. Wanaouliza habari wapo wengi: Mnyarwanda huuliza “amakuru?”, nayo ni habari, na msemaji wa Kilingala huuliza “sango nini?”, habari gani, akajibiwa “sango te”, yaani hakuna habari, jibu linalofanana kimantiki na “sijambo” yetu, kwa kuwa kutokuwa na la kusimulia ndiko kuwa salama. Wasomali huuliza amani, “ma nabad baa?”, na jibu ni amani, Mrundi husema “amahoro”, nayo ni amani, na Mwolof wa Senegali hujibu “jàmm rekk”, amani tu. Mhausa aliyeulizwa “ina kwana?” hujibu “lafiya”, neno lililotoka katika Kiarabu kilekile kilichotupa “afya”. Waamhari wa Ethiopia wana “tenayistilign”, inayomtakia mtu apewe afya, na “indemin” yao hubadilika kufuatana na jinsi ya anayeulizwa, jambo ambalo wazungumzaji wa lugha za Kibantu hulisahau kila mara.

Ni kweli kwamba “sawubona” ya Wazulu ina maana ya kiroho?

Maana ya neno ni “tunakuona”, kutokana na “siyakubona”, na ni kweli kwamba kuonwa ni jambo zito. Lakini maelezo mengi yanayosambaa katika intaneti yameivika salamu hii majoho isiyovaa nyumbani kwake, pamoja na jibu la kubuni, “shikoba”, ambalo Mzulu wa kawaida halijibu. Jibu la kila siku ni “yebo, sawubona”, na watu wengi husalimiwa “sanibonani”. Kisha huulizwa “unjani?”, na mmoja hujibu “ngikhona”, yaani nipo. Mwolof naye hujibu “maa ngi fi rekk”, niko hapa tu, na kijana wa Dar es Salaam husema “nipo”. Lugha tatu zilizoko pembe tatu za Afrika zimeona kwamba kuwapo ni jibu la kutosha, na uzuri wa jambo hilo hauhitaji kuongezewa chumvi.

Mwili ufanye nini wakati wa kuamkia?

Mkono wa kulia ndio wa kusalimia, na wa kushoto haupewi mtu. Mahali pengi mdogo huushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto anapompa mkubwa, ili kuonyesha kwamba hajamtolea mkono wa dharau. Wasichana wa Kisukuma hupiga goti, wanawake wa Kiganda hupiga magoti kabisa, na kwa Wayoruba mwanamume hulala kifudifudi mbele ya mkubwa huku mwanamke akipiga magoti. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa ili mzee akiguse kwa kiganja, na pwani yetu mtoto huubusu mkono wa babu yake. Baina ya mwanamume na mwanamke wa Kiislamu wasio mahramu, yaani wasio ndugu wa karibu wasioruhusiwa kuoana, kiganja kinachowekwa kifuani kinatosha; usiunyooshe mkono wako mpaka uone wa mwenzako.

Salamu za dini na za majukwaani zinaitikiwaje?

“Assalamu alaikum” huitikiwa “waalaikumu salaam”. Wakatoliki husema “Tumsifu Yesu Kristo” na kuitikiwa “milele, amina”, na Wakristo wengine wengi husema “Bwana asifiwe”, “amina”. Katika mikutano yenye mchanganyiko wa watu, msemaji wa Tanzania alizoea kuzipanga zote kwa mfululizo ili asimwache yeyote. Tangu mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan amekuwa akitumia nyingine, “Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”, na umati huitikia “Kazi iendelee”.

Je, “mambo” na “niaje” zifundishwe?

Zifundishwe pamoja na mipaka yake. “Mambo?” huitikiwa “poa”, “safi” au “shwari”, “vipi?” hupokelewa vivyo hivyo, na Nairobi utasikia zaidi “niaje” na “sasa”. Zote ni za rika. Ujumbe wa simu unaoanza “mambo” ukimfikia mkwe kwa bahati mbaya haufutiki kwa urahisi, na kuandika “shkmoo” kwa kifupi kwa mama yako mzazi ni jambo ambalo kila familia italihukumu yenyewe. Mimi ningeandika neno zima.

Mlangoni na mezani huambiwaje?

“Hodi” hupigwa kabla ya kuonekana, tena hadi mara tatu, na isipoitikiwa “karibu” mgeni hurudi zake. Anayepita watu wakila huambiwa “karibu”, na asiyetaka hujibu “asante” au “starehe”, neno ambalo pia humzuia mwenyeji asijisumbue kuinuka.

Na katika msiba?

Habari za asubuhi hunyamazishwa. Husemwa “poleni”, au kwa mtindo wa pwani “makiwa”, na sauti ishuke.

Kuagana kunatofautianaje?

Kiswahili kinampa anayeondoka na anayebaki neno lilelile, “kwaheri”, na wakiwa wengi “kwaherini”. Kizulu kinawatenganisha: anayeondoka huambiwa “hamba kahle”, nenda vizuri, naye humwambia anayebaki “sala kahle”, baki vizuri, na anayechanganya maneno hayo hujikuta amemfukuza mwenyeji katika nyumba yake mwenyewe. Sisi tofauti hiyo tunaionyesha kwa miguu. Mwenyeji humsindikiza mgeni hadi njia panda, huko husimama wakaanza mazungumzo mapya yaliyosahauliwa ndani, wakaagana mara ya pili, na wakati mwingine mgeni naye humrudisha mwenyeji hatua chache kuelekea nyumbani.